Hajasimama Huyo, Amekakamaa

Jumatatu usiku, saa tatu na ushei, imeingia video kwenye WhatsApp. Mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne, mwenye mtindio wa ubongo, ameshikwa kwapani na baba yake, kasimamishwa juu ya meza ya sebuleni. Miguu imenyooka kama mpini wa jembe. Pembeni vigelegele, na bibi mmoja anasema, "Ana nguvu huyu! Ramadhani haifiki, anatembea." Chini baba kaandika: "Dokta umeona? ANASIMAMA."

Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, ila kwa jina hilo nimeshachoka kubishana. Video ya namna hiyo ni ya tatu mwezi huu. Nimeitazama mara mbili, nikaifudikiza simu mezani, nikaenda kuosha vyombo. Basi mniwie radhi, haya nayaandika nikiwa bado nimenuna.

Itazameni vizuri ile miguu. Visigino haviko mezani, mtoto yuko kwenye ncha za vidole kama anayechungulia ng'ambo ya ukuta. Magoti hayakunjiki. Paja moja limepita mbele ya jingine, mkasi uliofungwa. Kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi, ngumi zimefumbwa na dole gumba limezama ndani. Sasa simama wewe. Magoti yako yamelegea kidogo, uzito unahama mguu huu kwenda ule bila habari yako. Kusimama ni kulegeza sawasawa na kukaza. Mtoto yule hawezi kulegeza. Hajasimama, amekakamaa.

Mtindio wa ubongo, jina lenyewe linataja ubongo, lakini kila anayekuja kliniki anavua mtoto suruali anionyeshe miguu. Si miguu iliyoanza kuumwa. Ukikunja kiwiko, msuli wa mbele unaambiwa kaza, wa nyuma unaambiwa tulia. Kwa watoto hawa wenye ugumu wa misuli, ile sauti ya "tulia" ndiyo haifiki. Ukimshika kwapani na vidole vyake vikagusa meza, umegusa swichi moja na nyumba nzima imewaka, kuanzia jikoni hadi chooni: miguu, mgongo, shingo, taya. Hakuchagua hata kimoja.

Na mwili hushika kinachorudiwa. Kila jioni mara kumi, tena kwa makofi, naye anapenda makofi kama mtoto yeyote, basi anajua akijikaza watu wanafurahi. Miaka mitatu baadaye mama anakuja ananiambia mapaja hayatanuki, kumtawaza ni vita, kumbadilisha nepi mpaka waitwe watu wawili. Misuli ya ndani ya paja inavuta na kuvuta, kichwa cha mfupa wa paja kinateleza taratibu kutoka kwenye nyonga. Ndiyo maana nawasumbua na picha ya nyonga hata pale mtoto halalamiki.

Kuchua nako. Msuli wenye ugumu una tabia yake: ukiuvuta haraka unajibu kwa kukaza zaidi, ukiuvuta polepole unakubali. Mchuaji anasifiwa kwa kasi na kwa kilio. Mafuta ya nyonyo yanachuruzika, mtoto analia, kilio kinaongeza ugumu, mchuaji anaona ugumu anaongeza nguvu. Na mafuta sina ugomvi nayo, mpake mwanao baada ya kuoga, mkono wa polepole, mwimbie. Ila usiniambie miguu "haijachuliwa vya kutosha". Na kumfukia mchangani hadi kiunoni ufukweni? Niliwahi kuletewa mtoto asubuhi, mchanga bado uko kwenye mikunjo ya mapaja na ngozi imeshaanza kuchubuka. Hapo sikuwa na maneno ya kitaalamu.

Sababu nazipitia haraka maana si hoja yangu leo: alichelewa kulia, manjano kali siku za kwanza, njiti, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo. Kubemenda hakumo. Niongeze moja tu kwa ajili ya akina mama wanaoambiwa "ulichelewa hospitali". Daktari wa London, William Little, mwaka 1861 aliandika kuwa ugumu huu unatokana na uzazi mgumu, na dunia ikamwamini. Mwaka 1897 Freud, huyuhuyu wa mambo ya nafsi, akahoji: pengine uzazi ulikuwa mgumu kwa sababu mtoto tayari alikuwa na tatizo tumboni. Hadi leo mara nyingi siwezi kumnyoshea kidole mtu. Mashemeji wao wanaweza.

Sasa swali linaloniudhi kuliko yote, maana linaulizwa na watu wenye akili: "Mbona hata nyie mnawasimamisha? Kuna mbao pale kwenu kliniki, nimeona mtoto kafungwa mikanda." Naam. Tena ile fremu alitengeneza seremala wa mtaani kwa vipimo vyangu. Lakini njoo uangalie tofauti. Nyayo zimelala chini, kisigino kimegusa ubao. Kama hakigusi, simsimamishi mpaka tushughulikie kifundo. Magoti hayajafungwa kikomo. Katikati ya mapaja kuna kipande cha godoro, miguu imetengana. Nyonga zimeshikwa na mkanda mpana. Mbele kuna meza ndogo ya kifua na juu yake kuna kitu cha kuchezea, kwa sababu mikono ikiwa huru ndipo kichwa kinaamka. Hakuna anayemning'iniza. Uzito unapita kwenye nyayo badala ya kubebwa na mikono ya baba. Na muhimu kupita yote: kabla ya kumpandisha, tumeshamtuliza. Tumemkalisha, tumekunja nyonga, tumembembeleza hadi ule ugumu umeyeyuka. Wewe kwenye video umeanza na kukakamaa ukaishia na kukakamaa.

Kumtuliza kwenyewe si uchawi. Ukitaka goti likunjike usihangaike na goti, anza nyonga. Mlete mbele kama anayekaa, kunja nyonga kupita pembe ya kiti, tenganisha mapaja kwa kiganja ukishika karibu na nyonga, usivute vifundo. Subiri. Utasikia mkononi mwako jinsi mguu unavyoachia, kama kamba ya ndoo ikifika majini. Na kifaa bora kuliko vyote mnacho nyumbani: kanga. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko nyonga zimekunjwa, miguu huku na huku, kichwa kinapata cha kuegemea. Kuna mama alikuwa anaona aibu kumbeba mwenye miaka minne, watu wanamwambia "mshushe ajifunze". Nilimwambia aendelee, halafu nikamwangalia mgongo wake mwenyewe, nikanyamaza. Mtoto wa kilo 14, kupanda daladala mbili kila Jumatano. Hilo sina jibu lake, na kumwambia "pinda magoti unapomnyanyua" ni jibu la mtu aliyefika kazini na bodaboda.

Ugumu uleule ndio unaoharibu kula. Hapa ndipo ningetaka mnisikilize kuliko kwenye miguu. Mtoto analazwa chali mapajani, kichwa kinaning'inia kwenye kiwiko, uji mwepesi unamiminwa kwa kijiko kutoka juu. Anakikodolea macho kijiko, shingo inaenda nyuma, mwili wote unanyooka, ileile swichi. Shingo ikiwa nyuma kumeza ni kazi. Jaribu wewe, tazama dari umeze mate. Uji mwepesi unakimbia kuliko ulimi wake, anapaliwa, anakohoa, kila mwezi nimonia, na ukoo unasema "kifua chake kibovu". Mkalishe. Nyonga zikunjwe, kidevu kielekee kifuani kidogo, wewe kaa mbele yake usawa wa macho yake, kijiko kije kutoka mbele na chini. Uji mzito, wenye karanga na mafuta kidogo ili kijiko kimoja kibebe kazi ya viwili. Anayekohoa kila anapokula, au anayepungua uzito, aletwe kliniki, msingoje siku ya mazoezi. Na akikakamaa ghafla bila kushikwa, macho yakageuka, au akawa anajikunjakunja kwa mshtuko mfululizo anapoamka, hayo ni mambo ya daktari wa kifafa, siyo ya kwangu.

Kiti cha kona, kile chenye mgongo wa pembe unaomshika mtoto huku na huku, kinatengenezwa hata kwa maboksi. Mbinu ya kubandika karatasi na maboksi kwa uji wa unga hadi yawe magumu kama ubao aliieneza Bevill Packer kutoka Zimbabwe. Kikikauka vizuri, kinambeba. Ukikiacha nje mvua ikanyesha, ni uji tena. Nimeona.

Lakini nami nina madeni yangu. Chuoni nilifundishwa mbinu ya akina Bobath, mke na mume wa London, ya kumwongoza mtoto kwa mikono ili mwili ujifunze mwendo wa kawaida, nikaishika kama msahafu. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walizipanga tiba zetu kwa rangi za taa za barabarani, na mbinu ile ikaangukia nyekundu. Kunyoosha misuli kwa mkono, kitu nilichowapa mamia ya familia "asubuhi na jioni", kukawekwa upande wa mashaka. Kilichopata kijani ni pamoja na kufanya jambo lenyewe unalolitaka, nyumbani, kwa lengo lililochaguliwa na familia. Nilisoma makala ile nikakumbuka akina mama niliowagombeza kwa kuruka zoezi. Bado nafundisha kunyoosha, dakika chache, kwa sababu mama anayeushika mguu kila siku anajua mapema ukianza kubadilika. Nadhani ni sababu nzuri. Au ni kwamba siwezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu.

Na "atatembea lini" pia. Tuna kipimo cha ngazi tano cha uwezo wa mtoto kujisogeza na kutembea, kutoka Kanada, cha mwaka 1997, na tuna kanuni ya mezani: aliyekaa mwenyewe kabla ya miaka miwili ana matumaini makubwa. Kwa kanuni hiyo nilimwambia mzazi mmoja, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba binti yake tumuandae kwa kiti cha magurudumu. Akiwa na miaka minne na nusu akaingia mlangoni kwangu ameshika kiti cha plastiki, anakisukuma mbele yake kikikwaruza sakafu. Alinipita bila kunisalimu. Mama yake hakusema kitu, alikaa tu kwenye benchi na kunitazama.

Kwa hiyo baba wa video sikumwambia hatatembea. Nilimtumia sauti ya dakika tatu: mteremshe mezani, mkalishe katikati ya miguu yako, mgongo wake kifuani kwako, weka sufuria na mwiko mbele yake, mwache apige. Nikamwomba video nyingine.

Imekuja jana. Mtoto amekaa, kapinda, kichwa kinadondoka na kunyanyuka, mkono mmoja umefumbuka na umeshika mwiko. Amepiga sufuria mara moja. Chumba kizima kimya, hakuna kigelegele hata kimoja, mpaka nikasikia sauti ya yule bibi kutoka nyuma ya kamera: "Sasa mbona amekaa tu?"