Popo wa matunda wanapohama: kuhesabu na kulinda malalo yao

Mkalitusi uliolemewa na maelfu ya popo leo unaweza kuwa mtupu baada ya miezi mitatu bila popo hata mmoja kufa. Vilevile unaweza kuwa mtupu kwa sababu wameuawa au wamefukuzwa. Ukihesabu mara moja tu kwa mwaka huwezi kutofautisha mambo hayo mawili, na hapo ndipo ripoti nyingi kuhusu popo hawa zinapopotoka.

Ninayemzungumzia ni Eidolon helvum, popo mkubwa wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni. Akitanua mabawa hufikia sentimita 76 hivi. Kwa kawaida hakai pangoni wala darini, bali hulala hadharani juu ya miti mirefu, mara nyingi katikati ya miji: Kampala, Dar es Salaam, Accra. Hatumii mwangwi kutafuta njia. Hutegemea macho na pua.

Ukitazama malalo yao kwa darubini utaona vishada, kila kimoja kikiwa na popo kumi hadi mia, wamejibana bega kwa bega. Mchana kutwa wanasukumana na kupiga kelele. Jua likiwa kali huachana kidogo, hupepea kwa bawa moja na kujilamba manyoya ili wapoe. Hupenda mti mrefu wenye nafasi chini ya matawi kwa sababu popo huanza kuruka kwa kujiachia na kudondoka. Uzito wao huvunja matawi, kwa hiyo mti uliotumika miaka mingi hukonda na kuharibika, na popo huhamia mti wa jirani. Ndiyo maana kulinda mti mmoja hakutoshi. Linda kundi zima la miti, pamoja na miche itakayochukua nafasi yake.

Wanahama kwa kufuata matunda, na matunda yanafuata mvua. Mfano mkubwa ni Hifadhi ya Kasanka, Zambia, ambako kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba hukusanyika katika kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, wakila mikusu na mizambarau ya porini. Kwa miaka mingi idadi yao ilitajwa kuwa milioni kadhaa. Hesabu ya karibuni iliyotumia kamera na kompyuta ilipata kati ya 750,000 na milioni moja. Sioni hilo kuwa ushahidi wa kupungua, kwa kuwa njia za kuhesabu hazilingani. Popo waliovalishwa vifaa vya setilaiti walitoka hapo wakaelekea kaskazini, Kongo, na mmoja alipita jumla ya kilomita 2,500. Vinasaba navyo vinaonyesha kuwa popo wa bara zima wanachangamana kizazi, hivyo anayelala kwako leo ana ndugu nchi za mbali.

Kuhesabu kwenyewe kufanyike kila mwezi, tarehe zinazokaribiana. Asubuhi mapema, kabla ya joto kuwatawanya, hesabu vishada vya kila mti, kisha zidisha kwa wastani wa popo wa vishada vichache unavyoviona vizuri. Majani huficha wengi, kwa hiyo jioni hesabu pia wanaotoka. Weka kamera ikitazama anga tupu, chora mstari mmoja kwenye picha, uhesabu wanaouvuka kwa sekunde 10 za kila dakika, kisha zidisha kwa 6. Wakivuka 140, dakika hiyo ina popo 840. Makosa ya kawaida ni mawili: kusahau mkondo unaotokea upande wa pili wa miti, na kuhesabu mara mbili wale wanaozunguka na kurudi. Wanaorudi watoe kwenye jumla. Usipige makofi wala kurusha mawe ili waruke. Watoto wao huanguka.

Na mtoto ni mmoja tu kwa mwaka. Nchini Uganda hupandana kati ya Aprili na Juni, lakini yai hungoja hadi Oktoba au baadaye kabla ya kujipandikiza kwenye mji wa mimba, na kuzaa huja Februari na Machi. Mnyama wa namna hii hastahimili uwindaji mkubwa. Ghana pekee ilikadiriwa kuuza angalau popo 128,000 kwa mwaka, na malalo ya Kampala yalishuka kutoka takriban 250,000 hadi 40,000 hivi kufikia 2007. Tangu 2008 spishi hii inahesabiwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka.

Akitoweka, hasara ni ya msitu. Mbegu ndogo anazomeza, zikiwemo za mkuyu na mvule, huzidondosha akiwa angani, na utafiti wa Ghana ulikadiria kuwa anaweza kuzifikisha hadi kilomita 75. Ndege wengi na tumbili hawafiki huko.

Malalamiko ya wakulima na wakazi ni ya kweli na yana dawa. Vuna maembe yakishakomaa, kabla hayajaiva mtini. Ukiweka wavu, uwe mweupe, uliokazwa, wenye matundu yasiyopitisha kidole. Wavu uliolegea huwanasa na kuwaua. Maji ya mvua ya kwanza kutoka paa lenye kinyesi yamwage kabla ya kujaza tangi. Popo aliyeanguka usimshike kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanabeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ikilazimu kukata tawi la hatari, likate popo wakiwa wamehama. Miezi ya kuzaa na kunyonyesha isiguswe kabisa: mama aliyekwenda kutafuta chakula usiku huenda amemwacha mtoto kwenye tawi hilo.