Je, wajua? Kura 31 kati ya 47 hazitoshi kumng'oa gavana

Oktoba 2024, Bunge la Kaunti ya Kericho nchini Kenya lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Wawakilishi wadi 31 kati ya 47 waliunga mkono hoja hiyo. Ilipofika Nairobi, maseneta hawakuyagusa hata mashtaka yenyewe. Pingamizi la awali liliizima kesi mlangoni, na kilichopungua kilikuwa theluthi moja ya mtu mmoja.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka hoja ya kumwondoa gavana iungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wajumbe wote. Theluthi mbili ya 47 ni 31.33. Tulivyofundishwa shuleni, 31.33 hushuka ikawa 31, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukidaiwa dukani shilingi 31 na senti 33, ukatoa shilingi 31, mwenye duka huenda akakuambia uende zako. Amekusamehe, ila deni hukulimaliza. Sheria ikishasema "angalau", hakuna wa kusamehe zile senti, na kwa kuwa mjumbe hagawanyiki, ni lazima apatikane mzima. Kericho walihitaji 32.

Neno jingine la kuangaliwa ni "wote". Chukua chama cha akina mama 47 ambacho katiba yake inasema mweka hazina ataondolewa kwa theluthi mbili ya wanachama wote. Siku ya mkutano wamefika 33, na 30 wakanyoosha mikono. Ukumbini inaonekana ni ushindi wa kishindo, watatu tu ndio waliokataa. Kumbe mweka hazina yuko salama, kwa sababu wale 14 waliobaki nyumbani wamemkingia kifua bila kusema neno. Ndivyo ilivyo katika bunge la kaunti. Mjumbe aliye safarini, aliye hospitalini, au aliyetoka nje kupokea simu wakati wa kura, amemsaidia gavana sawa na aliyepiga kura ya la. Ndiyo maana siku hizo utasikia wajumbe wamefungiwa hotelini katika kaunti nyingine: upande unaotaka kumng'oa gavana unawalinda wasipungue, na upande wake unahitaji wachache tu wakose basi la kurudi. Meru wana nafuu ya hesabu. Wako 69, na theluthi mbili ni 46 kamili, bila desimali ya kugombania.

Lakini kosa kubwa zaidi ni lile la vichwa vya habari. Bunge la kaunti likishapiga kura, redio hutangaza kwamba gavana "ametimuliwa", watu wakashangilia barabarani, na kesho yake wanashangaa kumwona akizindua barabara huku bendera ikipepea kwenye gari. Wengine husema amekaidi sheria. Hajakaidi chochote. Kifungu hichohicho cha 33 kinasema ataendelea na kazi zake mpaka mambo yaishe. Bunge la kaunti halimfukuzi gavana, linamshtaki. Ni kama hati ya mashtaka inavyopelekwa kortini: mshtakiwa ameshasomewa makosa, hukumu bado. Kwa hiyo sahihi anazotia katika siku hizo ni halali, na mfanyakazi wa kaunti anayekataa maagizo yake kwa kuwa "ameshaenda nyumbani" anajitafutia kesi ya nidhamu.

Hukumu iko Seneti. Hoja huanza kwa mjumbe mmoja kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe wote. Sababu zake lazima zitoke katika Kifungu cha 181 cha Katiba: kuvunja Katiba au sheria kupita kiasi, sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, matumizi mabaya ya mamlaka au mwenendo mbaya mno, au kushindwa kazi kwa hali ya mwili au akili. Ikipita, spika wa kaunti ana siku 2 za kumjulisha Spika wa Seneti, naye ana siku 7 za kuitisha kikao. Seneti inaweza kusikiliza kesi yenyewe au kuunda kamati maalumu ya maseneta 11, inayopewa siku 10. Katika njia ya kamati kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kamati ikisema madai hayakuthibitishwa, mambo yamekwisha hapo na Seneti haipigi kura kabisa. Yaani maseneta 6, walio wengi katika 11, wanaweza kuzima kazi ya bunge zima la kaunti.

Kesi ikifika kwenye kura ya Seneti, hesabu inabadilika. Seneti ina maseneta 67, ila katika suala hili wanahesabiwa kwa ujumbe wa kaunti, kura moja kwa kila kaunti. Kaunti ni 47 (namba ileile ya Kericho, kwa sadfa tu) na kinachotakiwa safari hii ni wingi wa kawaida wa zote, yaani 24. Shtaka moja tu likifikisha 24, gavana ameondoka, hata kama mengine yote yameanguka. Yasipofika, mashtaka hayohayo hayarudishwi kabla ya miezi 3 kupita.

Kawira Mwangaza, aliyekuwa gavana wa Meru, aliipita karibu kila milango ya utaratibu huu. Desemba 2022 kamati ya maseneta ilisema madai hayakuthibitishwa. Novemba 2023 Seneti nzima ilisikiliza mashtaka mapya na kuyakataa yote. Agosti 2024 ikamwondoa, lakini akarudi kazini kwa amri ya Mahakama Kuu mpaka mahakama hiyo ilipoukubali uamuzi wa Seneti Machi 2025. Mahakama basi ni mlango wa mwisho, na haujifungi haraka. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kuondolewa na Seneti, mwaka 2014, alirudi ofisini kupitia mahakama na akachaguliwa tena 2017. Katika kesi zake Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba kosa lazima liwe zito na limhusu gavana mwenyewe. Kosa la karani wa ununuzi, peke yake, halimtoshi.

Tarehe ya kuondoka nayo ina uzito wake kwa naibu anayerithi kiti. Kifungu cha 182 kinasema akikikalia kukiwa kumebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi wa kawaida, anahesabiwa amemaliza muhula mzima kati ya miwili anayoruhusiwa. Ikiwa muda umepungua hapo, hahesabiwi kitu. James Nyoro alichukua Kiambu kutoka kwa Ferdinand Waititu mwishoni mwa Januari 2020, uchaguzi ukiwa 9 Agosti 2022. Alivuka mstari kwa siku chache tu, na muhula ukahesabika. Isaac Mutuma wa Meru aliapishwa Machi 2025, mstari wake ukiwa umepita mwezi mmoja hivi kabla, Februari 10. Lau kura ya Seneti ya Agosti 2024 ingetekelezwa siku ileile, angeingia akiwa ameshakula muhula mmoja. Kwa hesabu hii, kesi iliyomchelewesha miezi saba imemwachia mihula yote miwili.