Takwimu za ukatili wa nyumbani zinapatikanaje, na kwa nini usisubiri utafiti ukukute: maswali na majibu

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kituo cha afya huku Tanzania bara. Kila wale wadada wa takwimu wakipita mtaani na tableti zao, wiki hiyo naulizwa maswali mengi kuliko niliyoyazoea, mengine dirishani kwa dawa mengine sokoni nikinunua nyanya. Nimeyakusanya hapa.

Huo utafiti ni upi hasa?

Ni ule wa afya ya uzazi, mtoto na malaria, watu wa ofisi wanauita TDHS. Unafanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na wenzao wa Zanzibar na wizara za afya za pande zote mbili. Wa karibuni ni wa 2022, kabla yake ulikuwa wa 2015-16. Nyumba zinachaguliwa kwa bahati nasibu, wanaulizwa mambo ya uzazi, chanjo, chandarua, na kuna sehemu inaulizia ukatili kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kenya nao wanao wa kwao, wa 2014 na wa 2022.

Si wahesabu tu kesi zilizoko polisi na hospitali?

Wangehesabu, shida hamji. Rejista yangu ya MTUHA, yaani kitabu cha taarifa za huduma za afya, inaandika aliyefika, na anayefika mara nyingi ni yule ambaye damu imekataa kukata au mkono umevunjika. Wengine wote mko nyumbani mnajikanda na maji ya chumvi.

Ndo maana mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa wa ukatili kwa watoto, wakahojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na wavulana asilimia 13. Sasa angalia hapa: wasichana waliowahi kumwambia mtu yeyote, hata shoga yake tu, walikuwa kama nusu, wavulana kama theluthi. Waliokwenda kutafuta huduma ni kama msichana mmoja kati ya watano. Wanne waliobaki ungewapata kwenye rejista ipi?

Mbona maswali yenyewe yako hivyo, "amewahi kukuzaba kofi, kukuvuta nywele, kukukaba"? Si waulize tu kama nimefanyiwa ukatili?

Wakiuliza hivyo utasema hapana. Mimi mwenyewe nasikia kila wakati, mtu jicho limevimba hafungui, namuuliza una shida gani nyumbani, ananijibu "hamna sister, tulikosana tu kidogo". Neno ukatili watu wanaliweka mbali, wanaona ni la kwenye taarifa ya habari, la mtu aliyekatwa panga. Kwa hiyo dodoso linakutajia kitendo kimoja kimoja: alikusukuma? alikurushia kitu? kofi? alikusokota mkono? ngumi? teke, au kukuburuza? alikukaba au kukuchoma? alikutishia kisu? Mtindo huu unatokana na kipimo alichokitengeneza Mmarekani Murray Straus miaka ya 1970, umefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo. Mtu aliyesema hapana kwenye swali la jumla anajikuta anasema ndiyo mara tatu.

Na kwenye ngono wanauliza kama mume alikulazimisha kwa nguvu wakati hutaki. Ndiyo, mume. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haimhesabu mume kuwa amebaka kama bado mnaishi kama mke na mume, lakini utafiti unahesabu kwa sababu unapima kilichokupata, haupimi kilichoandikwa mahakamani. Na mwili nao haujui cheti cha ndoa, mimba na virusi vinapita vilevile. Kuhusu kipigo wala usidanganywe, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza wazi mtu kumpiga mwenzi wake, eti kumwadabisha.

Hapo kwenye kukabwa naomba nisimame kidogo. Ukikabwa shingo, hata kama hamna alama, hata kama ilikuwa sekunde chache, njoo upimwe siku hiyohiyo. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, kichwa kikiuma, ulizimia au ulijikojolea, hiyo ni dharura. Watu wanaleta kidonda cha goti wanaacha kutaja shingo!

Mume wangu alitolewa nje wakati wa mahojiano, akakasirika. Kwani kuna siri gani?

Kuna usalama wako. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tafiti hizi mwaka 2001 na uko wazi: hamna faragha, hamna maswali ya ukatili. Wanachagua mwanamke mmoja tu kwenye nyumba, ili wifi au mke mwenza asijue ulichoulizwa akaenda kukitangaza. Mtu akiingia ghafla mhojaji anatakiwa kubadili mada, anarudi kwenye chanjo za watoto kama vile hamna kitu. Faragha ikishindikana sehemu ile inarukwa kabisa.

Nyie kina baba mnaokuja kukaa dirishani "kusikiliza tu", na mama mkwe anayeleta uji katikati ya mahojiano, mnajua mnachofanya. Na kliniki ni hivyohivyo, nikisema mgonjwa abaki peke yake namaanisha peke yake, sitakujibu kwa nini.

Matokeo yanasemaje?

2015-16, wanawake 40 kati ya 100 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na 17 walifanyiwa ukatili wa kingono. 2022 ikawa 27 na 12. Kenya kupigwa kulitoka 45 mwaka 2014 kukaja 34 mwaka 2022.

Watu wameshangilia, mimi sishangilii sana. Swali ni "umewahi", na mtu akishapigwa hawezi kuacha kuwa amewahi kupigwa. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2015 alikuwa bado anahojiwa mwaka 2022, yaani wengi ni walewale. Kushuka kwa kiasi hicho kwa miaka saba, kwa maoni yangu, kuna walionusurika kweli na kuna walioamua kunyamaza. Bora uangalie pia swali la miezi 12 iliyopita, hilo linaonyesha ya sasa.

Wanaume hawaulizwi?

Kenya waliulizwa. Nao wanapigwa, na wakija hapa tunawatibu bila kucheka.

Nilimweleza yote yule dada wa utafiti. Si inatosha?

Haitoshi. Narudia, haitoshi. Yule hakuandika jina lako, hatakupeleka polisi, hana dawa kwenye begi, anaweza kukuelekeza tu pa kupata msaada. Majibu yako yanakwenda kuwa asilimia kwenye ripoti itakayotoka mwakani. Wewe ulibakwa juzi unahitaji dawa leo.

Kama umebakwa, na awe mume, mjomba, bosi au mtu usiyemjua, una saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, PEP. Saa 72, siku tatu, na hazianzi kuhesabiwa kesho asubuhi, zinaanza pale pale. Ukija saa ya pili ni bora kuliko saa ya 70. Tunakupima, unaanza dozi, unameza siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutumika mpaka siku ya tano ila kila ukichelewa nguvu yake inapungua. Kuna na dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini.

Lakini familia imesema tukae kikao kwanza.

Kikao kikae, wewe njoo hospitali. Sijui niseme kwa lugha gani. Mtoto anabakwa Ijumaa, wazee wanakubaliana mbuzi au laki kadhaa Jumapili, Jumanne jioni mama anamleta "ana homa kidogo". Saa 72 zimeisha! Kirusi hakikuwepo kwenye kikao, hakijasikia kwamba yamekwisha.

Na PF3 je? Niliambiwa bila fomu ya polisi sitibiwi.

Matibabu kwanza, PF3 itafuata. Aliyekwambia urudi polisi kwanza huku unavuja damu amekukosea, muulize mganga mfawidhi. Hospitali nyingine zina kituo cha mkono kwa mkono, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta humohumo, huhangaiki na bodaboda kutoka huku kwenda kule.

Nimeshaoga na nguo nimefua. Nimeshachelewa?

Hujachelewa kutibiwa. Kama hujaoga, usioge, na nguo weka kwenye mfuko wa karatasi au khaki, siyo wa plastiki maana unyevu unaharibu ushahidi. Kama umeshaoga njoo hivyohivyo. Siku ya nne njoo. Mwezi umepita njoo, PEP itakuwa haipo tena lakini vipimo, mimba, vidonda na usingizi uliopotea bado vina tiba.

Sitaki jirani wajue. Naanzia wapi?

Njoo kliniki kama mtu wa malaria, omba kuonana na muuguzi peke yako, mlangoni huna haja ya kumweleza mtu sababu. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usieleze kaunta mbele ya watu. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Mliopo Kenya pigeni 1195. Na kama una mimba na umepigwa tumboni, acha simu, njoo sasa hivi, hata kama mtoto anacheza.