Nguzo nane za Frauenkirche ya Dresden

Mtu akiitazama Frauenkirche, kanisa la Kilutheri la mji wa Dresden nchini Ujerumani, kutoka ng'ambo ya mto Elbe, kuba ndilo humkamata macho, na wengi huishia hapo hapo. Mimi kazi yangu ni kukokotoa uzito katika majengo ya mawe, kwa hiyo macho yangu hushuka chini, kwenye nguzo nane zinazolibeba. Kwa nini kanisa hili lina umbo lilivyo, kwa nini liliugua nyufa tangu utotoni, kwa nini lilianguka mwaka 1945, na kwa nini la leo ni imara kuliko la kwanza: majibu yote yako kwenye nguzo hizo.

Tuanze na ibada, maana ndiyo iliyochora ramani. Mwaka 1697 mtawala wa Saxony, nchi ya Kijerumani ambayo Dresden ulikuwa mji wake mkuu, Augustus aliyeitwa Mwenye Nguvu, aliingia Ukatoliki ili apate taji la Polandi. Raia wake hawakumfuata. Saxony ndiyo nchi ya Luther, na wenyeji wa Dresden walibaki Walutheri. Baraza la mji lilipoamua kulibomoa kanisa kuukuu la Kigothi na kujenga jipya, lilikuwa linajenga la wenyeji, si la ikulu. Kazi alipewa George Bähr mwaka 1722, fundi mkuu wa useremala, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 26 Agosti 1726.

Kwa Walutheri neno lazima lisikike. Kanisa refu la kizamani, lenye safu mbili za nguzo na altare mbali kule mwisho, liliwafaa watu wa maandamano ya ibada. Msharika aliyekaa nyuma alikuwa akiambulia mwangwi tu. Bähr aliigeuza ramani. Kwa nje jengo linakaribia mraba, kwa ndani ni duara. Mabenchi yanapinda kuielekea mimbari, na juu yake roshani zimepandana ghorofa kwa ghorofa. Birika la ubatizo, altare na kinanda kikubwa cha mabomba vyote viko upande mmoja, mbele ya macho ya watu. Mpango huo una sharti gumu: nguzo zisimzibie mtu. Zikawa nane, tena nyembamba kwa mzigo uliokuwa unakuja.

Na mzigo wenyewe! Michoro ya mwanzo ilikuwa na kuba la mbao lililofunikwa shaba. Baadaye Bähr akashikilia liwe la mawe ya mchanga tupu, kuanzia shingo hadi juu, lenye umbo la kengele. Uzito wake hutajwa kuwa takriban tani 12,000. Fedha zilipopungua, hata michango iliyokusanywa kwa ajili ya Waprotestanti waliofukuzwa Salzburg iliishia kwenye ujenzi huu, jambo ambalo waongozaji wa watalii hawapendi kulikawilia.

Bähr hakuwa mjinga. Kuba la mawe linafanya mambo mawili kwa pamoja: linakandamiza kwenda chini, na kwenye ukingo wake linajitanua kwenda nje. Kwa msukumo wa nje alilifunga mikanda ya chuma. Kwa uzito wa chini, nyuma ya kila nguzo alijenga kuta zinazosambaa kama miale kuelekea kuta za nje, ili mzigo ugawanyike jengo zima na nguzo zibebe sehemu tu. Nimelipitia wazo hilo mara nyingi na silioni kosa. Kilichomwangusha ni utekelezaji. Ubora wa mawe na chokaa ulitofautiana, viungo vilibonyea, na mikanda ya chuma haikutosha. Mzigo uliopaswa kusambaa ukarudi kwenye nguzo. Nyufa zilionekana mapema, na walikuwepo wataalamu waliotaka kuba libomolewe. Bähr alikufa mwaka 1738. Kanisa lilikamilika mwaka 1743.

Hata hivyo lilikuwa gumu kupigika. Mwaka 1760 jeshi la Prussia liliushambulia mji, na risasi za mizinga ziligonga kuba zikadunda. Lakini ukuta mzito ukistahimili kishindo, haina maana kwamba nguzo zake zina nguvu ya akiba. Matengenezo makubwa yalifuata mara kadhaa, ya mwisho yakiendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Mabomu ya usiku wa tarehe 13 Februari 1945 hayakuliangusha kanisa. Kuba lilikuwa bado limesimama asubuhi iliyofuata, na siku nzima baada yake. Moto ndio uliomaliza kazi: uliingia kupitia madirishani, ukala mabenchi na roshani za mbao, ukazipika nguzo kutoka pande zote. Jiwe la mchanga likipata joto kali hupasuka na kumenyeka, na nguzo ambayo tayari imebeba kupita kiasi haina nyama ya kupoteza. Tarehe 15 Februari, karibu saa nne asubuhi, nguzo zilishindwa, na kuba likashuka nazo.

Serikali ya Ujerumani Mashariki iliacha kifusi pale pale kama kumbukumbu ya vita. Kanisa lilijengwa upya kuanzia 1994 na kuwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005, kwa gharama ya takriban euro milioni 180, sehemu kubwa ikiwa michango. Kifusi kilichambuliwa jiwe kwa jiwe, na maelfu ya mawe ya zamani yamerudi ukutani. Ndiyo yale meusi unayoyaona kati ya mapya yenye rangi hafifu. Altare iliunganishwa kwa vipande karibu 2,000.

Wako wanaosema ni nakala tu. Sikubaliani nao. Nguzo mpya zimejengwa kwa mawe ya mchanga teule, yaliyochongwa kwa usahihi mkubwa na kuungwa kwa viungo vyembamba vya chokaa bora. Kuba limefungwa mikanda ya chuma yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo, na zile kuta za miale sasa zinapokea mzigo wake. Yaani mpango wa Bähr umefanya kazi kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 260 baada ya jengo lake kukamilika.

Hoja hiyo hiyo naipeleka kwenye kinanda, ambacho kilizua ugomvi mkali zaidi kuliko nguzo. Cha awali kilitengenezwa na fundi wa vinanda Gottfried Silbermann, na mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alikipiga Desemba 1736. Wengi walitaka kirudishwe kilivyokuwa. Badala yake kampuni ya Daniel Kern ya Strasbourg ilitengeneza kikubwa zaidi, chenye uwezo wa kupiga pia muziki wa karne zilizofuata, kikafichwa nyuma ya sura ya kile cha zamani. Wapenzi wa Silbermann bado wamenuna. Kwangu, waliokubali nguzo zirekebishwe hawana haki ya kulalamikia mabomba.