Kwa nini watoto wawili huhesabu matatu zilezile na kupata majibu tofauti?

Waweke watoto wawili wa Gredi ya 5 kando ya Jogoo Road, Nairobi, asubuhi, kila mmoja na daftari lake, uwaambie wahesabu matatu zinazopita kwa dakika kumi. Huenda wakaleta idadi mbili tofauti, na wote wawili wamehesabu vizuri. Mmoja ameandika kila gari la abiria. Mwenzake ameacha mabasi makubwa, maana kwake matatu ni ile ya watu 14. Na ile inayongoja kujaa stejini, imepita au haijapita? Basi la shule je?

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa daftari, waache wabishane kwanza. Ubishi huo ndio somo lenyewe, na ningeupa kipindi kizima. Mwishowe wataandika kitu kama hiki: gari la abiria lenye mstari wa manjano ubavuni, kubwa au dogo, teksi haimo, linapovuka nguzo hii ya stima kuelekea mjini.

Watu wazima nao hufanya vivyo hivyo. Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073 Nairobi, lakini nani ni wa Nairobi? Anayefanya kazi Industrial Area na familia yake iko Murang'a? Iliamuliwa mapema: kila mtu ahesabiwe pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Hata kaya ilielezwa: watu wa boma moja, walio chini ya mkuu mmoja, wanaopika pamoja. Ndugu watatu wa chumba kimoja Kayole wanaokula pamoja ni kaya moja.

Lakini kwa nini iwe kabla, si baada? Kwa sababu mtoto akishaona hesabu, tayari ana jibu analolipenda. Aliyetaka kuonyesha kwamba matatu ni nyingi kuliko magari ya kibinafsi ataona basi la shule linafaa kuingizwa, na hatakuwa anadanganya kwa makusudi.

Maelezo yakishaandikwa, yajaribiwe. Wawili wahesabu dakika kumi zilezile, mahali palepale, bila kuchunguliana daftari. Wakitofautiana, wasikimbilie kutafuta aliyekosea. Waulizane ni gari lipi mmoja aliliandika na mwenzake akaliacha, warekebishe maneno, kisha waanze upya na ukurasa mpya.