Kupaka Rangi Upya Dirisha la Mbao la Kupandisha na Kushusha: Maana Yake

Dirisha la kupandisha na kushusha ni dirisha la mbao lenye fremu mbili za vioo, moja mbele ya nyingine, ambazo hupanda na kushuka ndani ya kasha lililojengwa ukutani. Lilienea Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Kila fremu huning'inia kwa kamba mbili, na kila kamba hupita juu ya kapi kisha hufungwa kwenye chuma kizito kilichofichwa ndani ya kasha. Kwa kuwa uzito wa vyuma hivyo unakaribiana na uzito wa fremu, mtu huiinua kwa nguvu kidogo tu na hubaki pale alipoiacha.

Kulipaka upya dirisha la namna hii ni kukinga mbao dhidi ya maji huku likiachwa huru kutembea. Haja hizi mbili hugongana, na ndiyo sababu madirisha mengi ya zamani yamegandishwa na watu waliokusudia kuyatunza. Kila tabaka jipya hupunguza nafasi kati ya fremu na kasha, hadi rangi ikaziunganisha kabisa. Dirisha lililoganda hufunguliwa kwa kupitisha kisu chembamba kwenye mstari wa rangi pande zote. Kulisukuma kwa nguvu kunaweza kuvunja kioo au kuachanisha maungio ya fremu.

Kabla ya kukwangua chochote, rangi ya zamani ipimwe kama ina risasi, madini ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini zile zilizokwisha kupakwa zilibaki mahali pake. Dirisha la aina hii lina hatari yake ya pekee, kwa kuwa msuguano wa kulifungua na kulifunga husaga rangi ikawa unga unaotua kwenye kizingiti, mahali ambapo mikono ya watoto hufika kwa urahisi. Rangi yenye risasi haipigwi msasa mkavu wala haichomwi kwa moto. Hulowanishwa kwanza, kisha hukwanguliwa au kupigwa msasa wa maji, na mabaki yote hukusanywa. Anayeona kazi imemzidi ni heri amwachie fundi aliyefunzwa jambo hili.

Si lazima rangi yote iondolewe. Ile iliyoshika vizuri hulainishwa tu, na iliyobanduka hutolewa mpaka kwenye mbao. Sehemu za kuchunguzwa kwa makini zaidi ni kizingiti na ubao wa chini wa fremu, hasa kwenye ncha zake, kwa sababu nyuzi za mti zilizokatwa hunyonya maji kuliko upande mwingine wowote. Ubao uliooza hurekebishwa kwanza, na mbao yenye unyevu huachwa ikauke, kwani rangi ikifungia maji ndani hutoa malengelenge na kubanduka. Mbao iliyobaki wazi hupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi. Puti mpya ya mafuta ya kitani, yaani kinata kizito kinachoshikilia kioo kwenye fremu, huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, ifanye ngozi juu kabla ya kupakwa rangi.

Rangi ya mwisho hupanda juu ya kioo kiasi cha milimita 2 hivi, ili maji yasipenye kati ya kioo na puti. Wengi hukikwangua kioo mpaka pembeni kabisa ili kionekane safi, na hapo huondoa kinga hiyo. Kamba hazipakwi kamwe, maana rangi huzikakamaza zikakatika mapema. Kapi nalo huachwa bila rangi. Njia ambamo fremu huteleza hupakwa rangi nyembamba sana au huachwa tupu, kisha husuguliwa nta ya mshumaa.

Ili brashi ifike kwenye ubao wa katikati ambapo fremu hukutana, fremu ya nje hushushwa na ya ndani hupandishwa, na sehemu zilizokuwa zimejificha hupakwa kwanza. Kazi ianze asubuhi, ili rangi ipate saa nyingi za kukauka kabla ya usiku. Rangi inapoendelea kukauka, kila fremu isogezwe kidogo mara kwa mara, na dirisha lisifungwe kabisa mpaka rangi iwe ngumu.