Povu la Siki na Magadi Haling'oi Ukoko

Juzi nimeletewa tena sufuria ya mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) iliyoungulia chini, inanuka siki. "Shangazi, nimemwaga siki, nikatia magadi, ikafoka kweli kweli, lakini ukoko uko palepale." Huyu ni wa nne tangu Pasaka. Jamani, acheni kuvichanganya!

Siki ni asidi, magadi ni alkali. Vikikutana vinamalizana vyenyewe. Lile povu ni gesi ya kaboni inatoka, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yasiyong'oa kitu. Ulikuwa na dawa mbili, umeziua zote kwa dakika moja.

Kinachoungua mara nyingi si ndizi, ni mso, yaani uji wa ulezi. Ukishaanza kuwa mzito, wanga unatua chini. Mwiko ukipumzika kidogo tu, basi. Ukoko wa namna hiyo unalainishwa na alkali ya moto. Kwa sufuria ya stenilesi, tia maji yafunike ukoko, magadi vijiko 2 vya chakula kwa kila lita, chemsha taratibu nusu saa, epua, acha ilale. Asubuhi utakuta ukingo wa ukoko umejikunja kama utando wa maziwa. Pitisha mwiko wa mti hapo hapo, kinainuka kipande kizima. Suuza sana. Siki inakuja mwisho, peke yake, kutoa madoa meupe ya chokaa.

Lakini sufuria zetu nyingi huku Kilimanjaro ni za alumini, na alumini haitaki magadi kabisa! Haitaki majivu pia, maana majivu nayo ni alkali. Alumini inalindwa na utando mwembamba mno wa oksidi. Magadi ya moto yanauyeyusha, kisha yanaanza kuila alumini yenyewe, sufuria inageuka nyeusi, na mwenye sufuria anadhani ni masizi. Anachukua stilwaya, anasugua mpaka mkono unauma, anaacha mikwaruzo, na mso unaofuata unashikia kwenye mikwaruzo ileile. Inaniuma kuona sufuria nzuri inakufa hivyo.

Ya alumini iloweke kwa maji ya moto usiku kucha, kisha ichemshe na ukwaju au ndimu, usugue kwa dodoki. Isipoachia, rudia. Na mbege isichachukie humo, ihamishie kwenye pipa.

Vitabu vya usafi vinataka chombo king'ae. Mimi ule wekundu wa ndizi unaobaki baada ya yote hayo siugusi, na mbege yangu haijawahi kunuka moshi kwa ajili yake. Huenda nakosea kwa sufuria iliyokwaruzwa, maana uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Hizo nazipikia ndizi tu, mso hapana.

Ile ya juzi ni ya alumini. Iko uani, imejaa maji ya ukwaju kwa mara ya tatu, na upande mmoja umeshaanza kuachia.